Noti za kwanza za Kamboja huru: jinsi ya kuanza kukusanya bila kuingizwa mjini

Maswali ni yale yale. "Hii ya 1956 ni ya kweli?" "Mbona huyu anauza dola mbili na yule anauza arobaini, na picha ni ile ile?" "Nianze na ipi?" Nimeyajibu mara nyingi mpaka nimeyakariri, basi leo nayaandika yote mahali pamoja. Ukinifuata hatua kwa hatua utakuwa na noti tano sita nzuri, na utajua ulichonunua. Hilo la pili ndilo linalowashinda wengi.

Historia kidogo tu, kwa sababu bila hiyo utachanganya mafaili. Kamboja ilipata uhuru kutoka kwa Wafaransa tarehe 9 Novemba 1953, chini ya Mfalme Norodom Sihanouk. Fedha iliyokuwa mikononi mwa watu ilikuwa piasta ya Indochina, na tangu 1952 ilitolewa na chombo kimoja, Institut d'Émission, kwa nchi tatu: Kamboja, Laos na Vietnam. Sisi wa Afrika Mashariki hili tunalijua bila kuelezwa. Na sisi tulikuwa na East African Currency Board, shilingi moja ya nchi kadhaa, hadi 1966 kila mmoja alipokuwa na benki yake kuu. Wenzetu waligawana mapema zaidi. Banque Nationale du Cambodge, yaani Benki ya Taifa ya Kamboja, ilianzishwa mwishoni mwa 1954, na noti zake za rieli, fedha mpya ya nchi, zikatoka 1955, rieli moja kwa piasta moja.

Mambo mengine yatakuja kila moja mahali pake.

MAHITAJI

Usinunue noti hata moja kabla hujawa na hivi:

- Lenzi ya kukuzia, ya mara kumi. Ile wanayotumia masonara inatosha kabisa.
- Rula yenye milimita zinazosomeka vizuri.
- Taa ya mezani unayoweza kuilaza ubavu.
- Tochi ndogo ya UV, ya aina wanayotumia wenye maduka kukagua noti.
- Bahasha za plastiki ngumu ya polyester, zisizo na PVC. Nitaeleza kwa nini.
- Daftari, au jedwali kwenye kompyuta.
- Katalogi. Wakusanyaji duniani kote hutumia namba za Pick, zilizotokana na kazi ya Mjerumani Albert Pick. Ukiona muuzaji ameandika "P-12", ndiyo hiyo. Kama huna kitabu, Numista ipo mtandaoni bure, ina picha za mbele na nyuma.

Mikono iwe imenawa na kukauka. Glavu za pamba mimi sizitumii. Zinakunyima kuhisi karatasi, na nyuzi zake hunasa kwenye kona. Vidole safi, shika pembeni, basi.

HATUA

1. Weka mpaka wa mkusanyo wako

"Kamboja ya zamani" ni pori. Ukiingia bila mpaka utanunua kila kitu na hutakamilisha chochote. Kuna mafungu matatu yanayohusu nchi changa.

Fungu la kwanza ni noti za Institut d'Émission za 1953 na 1954, zilizotolewa kwa ajili ya Kamboja zikiwa na piasta na rieli pamoja. Angalia hapa: kwenye katalogi hizi hazikai chini ya Kamboja, zinakaa chini ya French Indochina. Watu huzitafuta mwaka mzima mahali pasipo.

Fungu la pili ni noti za Benki ya Taifa wakati wa ufalme, 1955 hadi 1970. Huu ndio moyo wa jambo.

Fungu la tatu ni noti za jamhuri ya Lon Nol, jenerali aliyemwondoa Sihanouk. Sihanouk alipinduliwa Machi 1970, jamhuri ikatangazwa Oktoba mwaka huo, na ikaanguka Aprili 1975.

Ushauri wangu kwa anayeanza: shika fungu la pili, na ruhusu la tatu likusaidie kujifunza kwa bei nafuu. La kwanza liache mpaka jicho lako limekomaa.

2. Jifunze tarakimu kumi za Kikhmer

Kikhmer ndiyo lugha ya Kamboja. Usiruke hatua hii. Ni kazi ya jioni moja, na itakuokoa mara nyingi.

០ 0, ១ 1, ២ 2, ៣ 3, ៤ 4, ៥ 5, ៦ 6, ៧ 7, ៨ 8, ៩ 9.

Ziandike kwa mkono mara ishirini. Kisha andika namba yako ya simu kwa Kikhmer, halafu ya mama yako, halafu ya fundi wako wa baiskeli. Kufika ya tatu zitakuwa zimekaa. Mkhmer akihesabu kwa mdomo, sita ni "tano-moja", saba ni "tano-mbili", hivyo hivyo hadi tisa. Haikusaidii kusoma noti, lakini mimi ilinifanya nizipende tarakimu hizi.

Onyo: maandishi ya Kithai yanafanana na haya kwa mbali. Nimeona noti za Thailand zikiuzwa kwenye fungu la Kamboja na za Kamboja kwenye fungu la Thailand. Njia ya haraka ni kugeuza noti. Za Kamboja za kipindi hiki zina Kifaransa: Banque Nationale du Cambodge. Thailand haikutawaliwa na Wafaransa, hutakuta Kifaransa pale.

3. Itambue noti kwa picha zake

Toleo la kwanza la 1955 lilikuwa na rieli 1, 5, 10 na 50. Ni adimu kuliko yaliyofuata, na zikiwa safi bei yake inakutoa jasho. Usianze nazo. Zilizofuata ndizo utakazokutana nazo kila siku:

Rieli 1 ina boti zilizoegeshwa bandarini Phnom Penh. Rieli 5 ina zile nyuso za mawe za hekalu la Bayon, zinazotazama kila upande kwa tabasamu lile lisiloeleweka. Rieli 10 ina hekalu la Banteay Srei, na nyuma yake soko kuu la Phnom Penh, jengo la 1937 lenye kuba kubwa ambalo bado lipo na bado watu wanauza humo. Rieli 20 ina mashine ya kuvuna. Rieli 50 ina wavuvi na nyavu zao, nyuma Angkor Wat. Mojawapo ya noti za rieli 500 ina mkulima anayelima kwa nyati wawili wa majini.

Rieli 100 ni familia nzima, zipo za sura kadhaa, kwa hiyo usiseme tu "ninayo mia". Mojawapo ndiyo noti ninayoipenda kuliko zote za Asia, nayo ni P-12. Mbele jua linachomoza nyuma ya hekalu la Preah Vihear, nyuma hekalu lenyewe linaonekana kutoka juu. Wasioijua historia huiona kama kadi ya watalii. Lakini hekalu hilo lilikuwa linagombewa na Thailand. Kesi ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, na tarehe 15 Juni 1962 majaji wakaipa Kamboja. Noti ilianza kutoka 1963. Nchi ambayo haijatimiza hata miaka tisa inashinda kesi, na mwaka unaofuata ushindi uko mfukoni mwa kila muuza samaki.

Kosa la wengi ni kutambua noti kwa rangi. Rangi hupauka, na picha za simu hudanganya. Tambua kwa mchoro, mbele na nyuma, kisha hakiki kwa vipimo.

4. Soma saini kabla ya kusoma bei

Hapa tukae kidogo. Hatua hii ndiyo inayomtenganisha mkusanyaji na mnunuzi.

Noti hizi hazina tarehe. Geuza, tafuta, hutaona mwaka. Ndiyo maana katalogi huandika ND, maana yake noti haina tarehe, kisha kwenye mabano miaka ya aina nzima, kwa mfano 1956–75. Muuzaji mvivu anachukua ule mwaka wa kwanza na kuandika kwa herufi kubwa: NOTI YA MFALME 1956. Mnunuzi anafurahi. Kumbe noti imetoka 1972, Sihanouk keshaondoka madarakani, na hiyo ni noti ya jamhuri.

Iliwezekanaje? Jamhuri ilipokuja haikuona haja ya kubadili michoro yote. Noti haikuandikwa "ufalme", iliandikwa jina la benki tu, na benki ilikuwa ile ile. Basi wakaendelea kuchapa boti zile zile na nyuso zile zile za Bayon. Kilichobadilika ni saini za wakubwa wa benki.

Fanya hivi. Weka noti mezani, washa taa, chukua lenzi. Tafuta saini. Usijaribu kusoma majina. Zichukulie kama michoro. Je, ile ya kwanza ina mkia unaoshuka? Ina kitanzi? Imepigwa mstari chini? Ziandike kwa maneno yako mwenyewe kwenye daftari: "kitanzi kikubwa, kisha nundu mbili, mkia kulia." Halafu fungua jedwali la saini la katalogi na ulinganishe. Jedwali litakupa namba ya saini, na namba itakupa kipindi. Ndipo utakapoelewa kwa nini noti moja inaitwa P-4a na nyingine P-4c: mchoro ni ule ule, herufi ndogo inatenganisha saini.

Gavana wa kwanza wa benki hiyo alikuwa Son Sann, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu. Saini za miaka ya mwanzo ni adimu zaidi. Zile za mwisho kabisa, za 1972 hadi 1975, ziko tele. Sasa umejibiwa lile swali la dola mbili na dola arobaini.

Mbona za mwisho ziko tele, tena mpya kama zimetoka kiwandani jana? Tarehe 17 Aprili 1975 waasi wa kikomunisti, Khmer Rouge, waliingia Phnom Penh. Wakawatoa watu wote mjini, wakafuta fedha, na jengo la Benki ya Taifa wakalilipua. Walikuwa na noti zao wenyewe zilizochapwa China, lakini nazo hawakuziingiza kwenye matumizi. Rieli ilirudi 1980. Kwa miaka hiyo yote fedha ya jana ilikuwa karatasi, na mabunda mazima yalibaki bila kuguswa na mnunuzi yeyote. Ndizo hizo unazoletewa leo kwa bei ya chipsi mayai. Binafsi, ndiyo maana nina noti moja ya rieli 50 iliyochakaa sana ambayo siibadilishi kwa mpya. Ile ilinunua kitu.

5. Pima hali ya noti

Vifupisho utakavyoviona: UNC ni noti isiyowahi kutumika, haina mkunjo hata mmoja. AU ni karibu na hiyo, labda mkunjo mmoja hafifu. XF ina mikunjo michache lakini karatasi bado ngumu. VF imetumika, ina mikunjo kadhaa, bado inavutia. F imechoka. Chini ya hapo ni za kujazia pengo tu.

Mwanga ndio unaosema kweli, na mwanga wenyewe lazima utoke ubavuni. Zima taa ya chumba. Laza ile taa ya mezani iguse meza, noti iwe mbele yake bapa, na uinamishe kichwa mpaka jicho liwe karibu usawa wa karatasi. Mkunjo ambao hukuuona mchana utasimama kama matuta ya shamba. Zungusha noti robo duara, tazama tena, kwa sababu mkunjo ulio sambamba na mwanga hujificha. Halafu kona: kwenye UNC kona ni kali, huwezi kuona nyuzi zilizofumuka. Mwisho inyanyue dhidi ya taa utafute vitundu na alama ya maji, ile picha iliyofichwa ndani ya karatasi, ukilinganisha na maelezo ya katalogi, maana si kila noti ina alama ile ile.

Kuhusu vitundu: noti za Kamboja za kipindi hiki mara nyingi zina vitundu viwili vitatu upande mmoja, vya pini au stepula, kwa sababu mabunda yalibanwa hivyo. Noti inaweza kuwa na vitundu na bado isiwe imetumika. Lakini muuzaji anapaswa kusema. Asiposema, uliza, akikasirika, ondoka.

6. Tafuta ujanja

Bandia za kughushi wakati ule si tatizo lako kubwa. Tatizo ni noti halali iliyofanyiwa "urembo".

Iliyofuliwa. Noti chafu inaoshwa kwa sabuni ili ionekane mpya. Imulike kwa UV gizani. Karatasi ya zamani hubaki imefifia. Sabuni za kisasa zina kemikali za weupe, kwa hiyo noti iliyofuliwa inaweza kung'aa bluu kama shati la harusi chini ya taa za ukumbini.

Iliyopigwa pasi. Mikunjo inalazwa kwa joto. Karatasi inakuwa nyororo isivyo kawaida, wino unalala, na ukiinamisha mwanga unaona mstari hafifu pale mkunjo ulipokuwa. Rangi ikivunjika kwenye mkunjo, hakuna pasi ya kuirudisha.

Iliyokatwa. Kingo zilizochakaa zinapunguzwa kwa wembe ili kona ziwe kali. Hapa ndipo rula inapofanya kazi: pima urefu na upana, linganisha na katalogi. Ikipungua milimita mbili au tatu, shaka. Tazama pia pambizo nyeupe, kama upande mmoja ni mwembamba mno.

Nakala. Siku hizi kuna nakala za noti ghali zilizochapwa kwa printa. Lenzi itakuonyesha mara moja. Noti halali ina mistari iliyokamilika, myembamba. Nakala ina vidoti vya rangi vilivyorundikana.

Mimi mwenyewe niliingizwa mjini mapema. Rieli 500 yangu ya kwanza, ile ya mkulima na nyati, niliinunua kama UNC kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyekuwa na sifa nzuri tu. Bahasha ilipofika niliifungua nikaanza kushangilia, kisha vidole vikanyamaza. Karatasi ilikuwa laini kama leso ya zamani. Nikainusa: sabuni. Niliipima, ikakosa karibu milimita tatu upande wa kushoto. Ilifuliwa, ikapigwa pasi, ikakatwa, yaani saluni kamili. Sikurudishiwa hela. Bado ninayo, nimeiweka ukurasa wa kwanza wa albamu, na kila anayekuja kujifunza kwangu namkabidhi hiyo kwanza bila kumwambia kitu.

7. Nunua kwa mpangilio huu

Noti mbili za kwanza ziwe nafuu kabisa: rieli 1 na rieli 5 zenye saini za mwisho, UNC. Hupatikana kwa dola moja mbili kila moja. Lengo si thamani. Lengo ni vidole vyako vijue karatasi ambayo haijaguswa ilivyo, ili uwe na kipimo.

Noti ya tatu iwe iliyotumika, VF, ya aina ile ile. Ziweke pamoja. Somo la saa moja hapo linazidi wiki nzima ya kusoma.

Baada ya hapo tafuta P-12, ile ya Preah Vihear. Kisha rieli 10, 20 na 50. Ndipo urudi nyuma kutafuta saini za mapema, moja moja, bila haraka.

Kabla ya kulipa muulize muuzaji mambo manne: picha ya noti hii hii mbele na nyuma, si picha ya mfano, picha ya karibu ya saini, kama ina vitundu, madoa au marekebisho yoyote, na masharti ya kurudisha. Swali la picha ndilo linalochuja. Anayeuza mabunda atakuwa na picha moja ya noti mia, na kwa noti ya dola moja hilo linavumilika. Kwa noti ya dola thelathini halivumiliki.

Usafirishaji: omba noti iwekwe kati ya kadibodi mbili ngumu, itumwe kwa rejista yenye namba ya kufuatilia. Gharama ya posta mara nyingi inazidi bei ya noti ndogo, kwa hiyo nunua nne tano kwa muuzaji mmoja kwa mkupuo. Na kabla hujaagiza, pita posta yako uulize utaratibu wa kupokea noti za zamani zisizotumika tena kama fedha, kwa sababu sheria za kutuma fedha kwa barua hutofautiana nchi na nchi.

8. Hifadhi kama mtu wa pwani

Miongozo mingi ya kuhifadhi noti imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wewe uko Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini mwezi wa nne. Noti nayo ni hivyo hivyo.

Kila noti iwe kwenye bahasha yake ya polyester. Epuka plastiki laini yenye harufu kama ya gari jipya. Hiyo ni PVC, na baada ya muda inatoa mafuta yanayonata kwenye karatasi. Albamu nyingi za picha za bei rahisi ni za aina hiyo.

Weka bahasha kwenye boksi linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Hunyonya unyevu. Vikisharowa havinyonyi tena, badilisha. Boksi likae mbali na ukuta wa nje, mbali na jua, mbali na jikoni, na juu ya sakafu kwa sababu ya mchwa. Fungua mara moja kwa mwezi, siku kavu, zipate hewa.

Usitumie kamwe: seloteipu, gundi, rababendi, klipu za chuma, au kuandika chochote kwenye noti, hata kwa penseli.

9. Andika

Kila noti ipate mstari wake: thamani, namba ya Pick na herufi yake, namba ya saini, namba ya mfululizo, hali uliyoipima mwenyewe, hali aliyodai muuzaji, tarehe, bei, na ulikonunua. Namba ya mfululizo ni muhimu. Ukiibiwa, ndiyo pekee inayoonyesha noti ni yako. Hapa tarakimu za hatua ya pili zinarudi kazini. Na zile safu mbili za hali, yako na ya muuzaji, baada ya mwaka zitakuonyesha nani anasema kweli.

UKIKWAMA

Saini hazifanani na yoyote kwenye jedwali. Hakiki kwanza uko kwenye aina sahihi. Watu hulinganisha saini za P-12 na orodha ya P-8 kwa sababu zote ni rieli 100. Ukishahakikisha, tazama kwa lenzi tena. Wino ukichapwa mzito vitanzi huziba. Bado? Piga picha safi umwonyeshe mkusanyaji mzoefu, usiipe namba ya kubahatisha.

Noti ina neno SPECIMEN. Hiyo ni sampuli ya benki, si noti ya matumizi. Inaweza kuwa ghali, na kwa hiyo hughushiwa pia. Anayeanza apite mbali.

Noti imenata kwenye plastiki. Usivute! Kata bahasha pande zote tatu kwa mkasi, ifungue kama kitabu, uiache mahali pakavu siku kadhaa. Mara nyingi inaachia yenyewe. Isipoachia, hiyo ni kazi ya fundi wa kuhifadhi nyaraka.

Harufu ya ukungu. Itenge na nyingine siku hiyo hiyo. Iache kwenye boksi kavu na vipakiti vya kunyonya unyevu, wiki mbili. Usipake dawa, usipulize manukato, usiianike juani.

Madoa ya kahawia kama ya chai. Ni uzee na unyevu. Hayatoki, na kila aliyejaribu kuyatoa aliishia na noti ya hatua ya sita. Yakubali, punguza daraja kwenye daftari.

Noti inang'aa kidogo kwa UV, lakini si yote. Angalia kama ni doa moja. Pengine iligusana na kitu chenye sabuni au gundi. Kung'aa kote, mbele na nyuma, ndiko kunakotia shaka.

Umeletewa noti yenye wanawake wanaovuna na askari wenye bunduki, muuzaji anasema ni ya uhuru. Hizo ni za Khmer Rouge za 1975, zile ambazo hazikutumika. Ni halali, ni nafuu, na zina historia yake nzito, lakini haziingii kwenye mpaka uliouweka hatua ya kwanza. Nunua ukitaka, ila iwe na albamu yake.

Bahasha haijafika wiki ya sita. Tumia namba ya kufuatilia kwanza, kisha nenda posta ukiwa na kitambulisho na risiti ya malipo uliyoichapa. Mara mbili nimeikuta yangu imekaa pale pale, inasubiri mtu aje aiulize.